Ngitili Katikati ya Mji

Jumamosi ndiyo siku ninayoichukia kuliko zote, na ndiyo siku watu wengi wanayoipenda. Kabla jua halijatoka vizuri, klabu za jogging zinaingia kwa lango la mashariki: fulana za rangi moja, filimbi, kiongozi anaimba na kundi linaitikia huku miguu ikipiga ardhi kwa pamoja. Nyuma yao wanakuja akina mama wa mazoezi ya viungo na spika yao kubwa, kisha timu ya netiboli, kisha maveterani wa mpira wa miguu ambao matumbo yao yanafika golini kabla ya mpira. Mchana wanaingia maharusi kupiga picha. Jioni kila mtu anaondoka amefurahi, na mimi nabaki na chupa za maji, maganda ya miwa na uwanja uliokwanguka.

Mimi ni mtunza nyasi wa bustani ya mjini hapa Shinyanga. Ni bustani kubwa; ukitaka kuizunguka yote kwa mguu ujiandae. Katikati yake kuna uwanja mpana, na uwanja huo ndio uliokuwa mzigo wangu. Nina reki, fyekeo, mashine ya kukatia nyasi inayowaka siku inayotaka yenyewe, na mgongo ambao umeshanitangulia kustaafu. Sisemi haya ili nionewe huruma. Nasema ili ieleweke kwamba wakati wa mambo ninayoyasimulia nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka huona nusu ya kile kilicho mbele yake.

Nilikuwa na rafiki. Tulizaliwa Didia, nyumba zetu zikitazamana, tukachunga pamoja, na tulipokuwa vijana tukaondoka pamoja kufuata dhahabu Bugarama. Hatukuwa watu wa migodi mikubwa yenye kofia na vitambulisho. Tulikuwa wachimbaji wadogo, wa mashimo tunayoyaita maduara. Mimi nilikaa juu, kwenye winchi, nikivuta mifuko ya mawe. Yeye alikuwa kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe, na jioni alitoka pale mweupe kichwa hadi miguu, kama mtu wa mashine ya unga. Tulimcheka sana. Hakuna aliyejifunga hata kitambaa puani. Mimi niliondoka mapema kwa sababu ya mgongo, yeye akabaki miaka mingine mingi.

Vumbi lile lilimkaa kifuani. Aliporudi Shinyanga na kupanga nyumba ya vyumba viwili nyuma ya bustani, alikuwa anapanda ngazi tatu za kibarazani kwake na kusimama kama aliyetoka mbioni. Hospitali walimwambia mapafu hayatarudi yalivyokuwa, ila yaliyobaki yanaweza kutunzwa. Atembee kila siku. Mahali tambarare, pasipo na vumbi. Akiishiwa pumzi asimame, zikirudi aendelee. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, alimwambia bila kumzungusha: "Baba, siku utakapoacha kutembea, na hicho kifua kitakuacha."

Maneno hayo sikuyasikia mwenyewe. Nililetewa na mke wake, ambaye namwita shemeji. Alikuja bustanini akanikuta nafagia, akapiga goti kidogo kunisalimia kama tunavyofanya kwetu, kisha akaniambia yote. "Shemeji, nyumbani hanisikii. Anasema anatembea, kumbe anatoka mpaka kwa jirani. Wewe atakusikia. Nakuomba umtembeze."

Nikamwambia, "Nduhu tabu." Yaani hakuna shida. Ndivyo tunavyojibu, hata pale shida ilipo.

Nikaanza kumtembeza. Hatukusema kwamba namtembeza. Nilimwambia tu kwamba asubuhi nakuwa peke yangu na sina wa kupiga naye soga. Akawa anakuja kabla ya watu, mikono nyuma, mimi na reki yangu pembeni yake, tukikata uwanja upande hadi upande. Wiki ya kwanza alikwenda upande mmoja tu, akakaa kwenye benchi la magharibi, akatazama viatu vyake kwa muda mrefu. Nilijifanya naokota takataka. Baada ya mwezi alikwenda na kurudi. Mvua za masika zilipokoma, nyasi zikiwa bado mbichi, alikuwa anazunguka uwanja wote mara mbili, na kwenye mzunguko wa pili alikuwa na pumzi ya kunitania.

"Nsumba," aliniita, maana yake kijana, ingawa ananizidi miezi tu, "unavuta hiyo reki kama unavuta ng'ombe asiyetaka kuuzwa."

Nilifurahi siku zile. Nilikuwa na kitu kimoja bustanini kinachoendelea vizuri.

Kisha ukaja ukame wa katikati ya mwaka, na anayeijua Shinyanga anajua nyasi zinavyokwisha hapa. Mwezi wa nane uwanja ulikuwa umebaki ngozi. Mwezi wa tisa ulikuwa unga mtupu. Klabu moja ya jogging ikipita, vumbi lilining'inia hewani mpaka ya pili ifike. Mwenzangu akawa anatembea na kitambaa mdomoni. Akikohoa, anageukia upande mwingine nisimwone uso. Mizunguko miwili ikawa mmoja, mmoja ukawa nusu. Siku moja alikohoa mpaka akashika reki yangu ili asianguke, kisha akairudisha na kusema mpini wake umelegea, niutengeneze.

Nikarudi nyumbani nimekasirika. Nani nimkasirikie sikumjua. Watu wana haki ya kukimbia. Lakini nililala nikiwaza vumbi, nikaamka nikiwaza ngitili.

Asiye wa kwetu nimweleze. Ngitili ni kipande cha malisho ambacho mfugaji wa Kisukuma anakifunga mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii. Nyasi zinaota, zinasimama, zinakauka zikiwa zimesimama, na kiangazi kikikaza ndipo unafungua, mifugo inapona. Baba yangu alikuwa nayo Didia. Haikuwa na waya wala ukuta. Ilizungushiwa matawi ya miiba, na hapa na pale kikachomekwa kijiti kilichofungwa fundo la majani. Fundo lile lilitosha. Mtu mzima na akili zake akiliona anageuza ng'ombe wake. Ukiingiza, unaitwa mbele ya wazee, na ukitoka hapo huna hamu ya kurudia.

Ila baba aliacha pengo dogo upande wa nyumbani. Lilikuwa la ndama na la ng'ombe mgonjwa. Hakulitangaza. Sisi watoto tuliliona tu likitumika, tukaelewa.

Mvua za vuli zilipoanza nilikwenda kwa msimamizi wa bustani, kijana msomi mwenye adabu, nikamwomba nifunge theluthi ya uwanja upande wa magharibi mpaka nyasi zishike. Akakuna kichwa. "Shikamoo mzee," alisema, ingawa tulikuwa tumeshasalimiana, na nilijua ni namna yake ya kuomba asihusishwe. "Funga. Lakini wakija kulalamika waje kwako."

Nilikata matawi ya migunga nje ya mji, nikayaleta kwa mkokoteni, safari nne. Nikayapanga mstari mmoja, nikachomeka vijiti, nikafunga mafundo ya majani kama ya baba. Mikono ilivimba kwa miiba. Kwenye benchi la magharibi, pale mwenzangu anapokaa, niliacha pengo la mtu mmoja kupita.

Hilo ndilo nililomfungia. Naomba lieleweke. Sikuwafungia maharusi wapate mandhari. Nilitaka ndani ya miezi miwili awe na mahali pake pa kutembea, pasipo vumbi, pasipo spika, nyasi laini chini ya miguu.

Lakini sikumwambia. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu ni jepesi, halinipendezi. Kumwambia "pengo lile ni lako" kulikuwa sawa na kumwambia "wewe ni mgonjwa," na neno hilo halikuwahi kupita kati yetu. Tangu mwanzo tulijifanya mimi ndiye ninayehitaji kampani. Isitoshe, yeye ni mtoto wa Didia. Baba yangu alikuwa kama baba yake. Nilidhani akiliona pengo ataelewa, kama tulivyoelewa utotoni.

Mji ulinipokea vibaya. Nahodha wa maveterani, bwana mmoja mnene mwenye duka la vipuri, alisimama mbele ya miiba na mikono kiunoni. "Mzee, uwanja wa mpira umegeuka malisho? Ng'ombe wanaletwa lini?" Wenzake wakacheka. Mama wa mazoezi ya viungo alielewa, akahamisha spika yake bila maneno. Wengine waliruka tu. Kwao fundo la majani ni takataka iliyokwama kwenye kijiti. Vijana wa mpira waliingia kufuata mpira, wapiga picha wakaingia kufuata mwanga, na mimi nikawa nakimbizana nao na reki, mtu mzima mwenye wajukuu.

Kilichonichosha zaidi kilikuwa pengo. Asubuhi ya tatu nililikuta limezibwa. Mtu alikuwa amevuta tawi kubwa la mgunga akaliweka pale, vizuri kabisa, miiba ikitazama nje. Nikalitoa. Kesho yake limezibwa tena. Nikatoa. Likazibwa. Nikajua ni maveterani wananichokoza, maana nani mwingine angehangaika hivyo? Jumamosi moja nilimfuata nahodha mbele ya timu yake nzima nikamwambia kama ana ugomvi na mimi aje tuzungumze kiume, aache michezo ya kitoto na miiba. Aliapa kwa mama yake mzazi kwamba hajui ninachosema. Sikumwamini. Nikamwambia aibu yake.

Na mwenzangu? Siku za kwanza baada ya kufunga alikuja kama kawaida. Alitazama miiba, akatazama mafundo, akasema, "Mzee wako angefurahi." Kisha akatembea upande uliobaki wazi. Lakini upande ule mvua zilikuwa zimeugeuza tope, unateleza, na siku ya pili nusura aanguke. Baada ya hapo akaacha kuingia uwanjani. Nikawa namwona mbali, nje ya uzio, kwenye barabara ya vumbi inayopitisha malori ya mchanga na bodaboda. Mvua ikikatika siku mbili, barabara ile inarudi kuwa moshi. Alinipungia mkono, nami nikampungia.

Nitasema nilichofikiri, hata kama kinanivunjia heshima. Nilifikiri amepata nguvu. Nilifikiri uwanja umekuwa mdogo kwake, sasa anataka barabara ndefu. Nilikutana na shemeji sokoni nikamwambia kwa majivuno kabisa, "Mzee siku hizi anatembea mpaka barabarani." Akainua mikono kumshukuru Mungu. Nilipokea shukrani zile kama zangu.

Baadaye nikawa namwona siku moja moja. Baada ya mwaka mpya sikumwona kabisa. Nikajisemea kwamba ameenda Didia, ni msimu wa kupalilia, ndugu zake wamemwita. Nyasi zilikuwa zimeshamiri, mashine iligoma, kulikuwa na bonanza la shule na uchafu wake. Kutoka bustanini mpaka kwake ni dakika kumi, kwa mwendo wangu wa mgongo mbovu. Wiki tatu sikuzitembea dakika hizo kumi.

Jambo moja tu lilikuwa linakwenda vizuri: pengo lilikuwa limeachwa. Asubuhi baada ya asubuhi nilifika nikalikuta wazi kama nilivyoliacha. Nikajipongeza. Nikamwona nahodha wa maveterani akipita, nikamwangalia kwa jicho la mtu aliyeshinda. Nyasi ndani ya miiba zilikuwa zimefika katikati ya ugoko, za kijani iliyokolea, na nikasema sasa akirudi kutoka Didia atakuta mahali pake tayari.

Jumapili moja baada ya misa shemeji alinisubiri nje ya kanisa. Hakupiga goti wala hakunisalimia. "Shemeji, hata kuja kumwona?"

Nilimkuta ameketi kitandani, amewekewa mito mitatu mgongoni kwa sababu akilala pumzi hazipandi. Shingo ilikuwa imekwisha. Kila neno alilipa nafasi yake, kisha akangojea la pili. Nikamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, naye akaitikia mwangaluka. Shemeji akaniletea kigoda.

"Nsumba," alisema. "Siku hizi nani anakuzibia pengo?"

Sikuelewa. Nikamuuliza pengo lipi.

"La benchini. Kulikuwa na mtu. Kila siku anafungua." Akapumzika. "Nilikuwa napita alfajiri. Kabla ya kutembea. Narudishia miiba. Lile tawi kubwa..." Akainua mkono kidogo kuonyesha ukubwa, ukaanguka. "Lilikuwa zito. Lakini nikasema nyasi zisiliwe. Umezihangaikia."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. "Alikuwa anarudi ametokwa jasho, anakaa chini hapo mlangoni," alisema. "Nilimuuliza anabeba nini huko, akasema anakusaidia kazi."

Mtu asiye wa kwetu angepita katika pengo lile siku ya kwanza bila kuwaza. Maveterani walipita, wapiga picha walipita, mbwa walipita. Katika mji huu mzima mtu mmoja tu alilisoma fundo la baba yangu na kulitii, akaenda kulivuta vumbi la malori, na kabla ya kwenda alitumia pumzi alizokuwa nazo kunilindia nyasi zisiingiwe. Na mimi nilikuwa nafungua, yeye anaziba, asubuhi baada ya asubuhi, kila mmoja akimtumikia mwenzake.

Nilimwambia. Ilibidi nimwambie. "Ni mimi niliyekuwa nafungua. Lilikuwa lako. Pengo la mgonjwa, kama la mzee."

Nilidhani atacheka, na nadhani alijaribu, kikatoka kikohozi. Shemeji akamshika mgongo mpaka kikatulia.

"Ungesema," alisema.

Hilo tu. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

Siku mbili baadaye tulimleta. Niliita bajaji ikaingia mpaka karibu na benchi la magharibi, ambako magari hayaruhusiwi, na msimamizi alituona akageuza uso. Ilikuwa asubuhi ya katikati ya wiki, akina dada wachache wa netiboli wakifanya mazoezi upande wa pili. Alivua viatu mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Nikampa mkono, tukapita pengoni, yeye mbele. Nyasi zilikuwa na umande. Alikwenda hatua tano, akasimama. Hatua nne, akasimama. Kwa zile zilizofuata alikuwa ameniegemea kabisa, na nilihisi mbavu zake zikifanya kazi chini ya koti. Kisha akasema tukae, tukakaa chini palepale, suruali zikaloa.

Kulikuwa kuzuri, sitasema uongo. Hakukuwa na vumbi hata chembe. Alipitisha kiganja juu ya nyasi, akang'oa jani moja akalitafuna, kama tulivyokuwa tukifanya machungani.

Ndipo dada mmoja wa netiboli alipotuona. Alikuja mpaka kwenye miiba na mpira kwapani, binti mwenye heshima zake, mmoja wa wachache ambao kelele zangu za miezi miwili zilikuwa zimewafundisha. "Shikamooni wazee," aliita. "Samahani, hapo pamefungwa."

Mwenzangu aliweka kiganja chini ili ainuke. Alikuwa anamtii. Kiwiko kilitetemeka, pumzi zikapiga filimbi, na bado alikuwa anasukuma ardhi aondoke kwenye nyasi zangu.

Nikamshika bega nikamkalisha. Nikajibu kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia. "Mwache akae! Huyu ni mgonjwa. Nyasi hizi nilimfungia yeye."

Binti alisema pole, akarudi kwa wenzake. Mwenzangu aliondoa kiganja chini, akakipangusa kwenye koti. Hakunitazama. Alikaa muda aliotaka, na hakuna aliyetusumbua tena. Kutoka pale tulipokaa mpaka kwenye benchi hazikuzidi hatua kumi na tano. Wakati wa kurudi hakuziweza, nikamwita dereva wa bajaji tukambeba.